Mmea na Maji Yake Wakati wa Jua Kali

Katika wilaya zetu za bara, hasa Ugogo na sehemu zinazopakana nayo, mvua hunyesha majira moja tu ya mwaka, nayo haiji kwa mpango. Pale Dodoma hupatikana kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Huanza mwishoni mwa Novemba au katika Desemba, hunyesha kwa nguvu siku chache, kisha mara nyingi hukatika kwa majuma mawili au matatu katika Januari au Februari, wakati mahindi yamekwisha kufika magotini au kiunoni. Siku hizo za jua katikati ya mvua ndizo zinazomtia mkulima wasiwasi kupita siku zote, kwa kuwa yampasa akate shauri: aliache shamba lake lilivyo, ama ang'oe na kupanda tena mbegu iliyosalia?

Mimi mwenyewe nalikata shauri hilo vibaya. Kazi yangu ni ukarani, na shamba langu nilikuwa nikilitazama wakati wa kwenda kula chakula cha mchana, saa saba au saa nane. Mvua ilikuwa imekatika, nami kila nilipopita naliona majani ya mahindi yamejikunja kama mikeka iliyoviringishwa, na rangi yake imekuwa ya kijivu. Siku ya tisa sikuweza kuvumilia tena. Nikawaita vijana wawili, tukang'oa ekari nzima, mabua tukawapa mbuzi, nikapanda mbegu yangu ya akiba katika vumbi. Siku ya kumi na moja mvua ikarudi. Mahindi yangu ya pili yakaota vizuri, lakini mvua za mwaka zilipokoma yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kutoa mbelewele, wala sikuvuna hata gunia moja. Ng'ambo ya njia palikuwa na shamba la bibi mmoja mzee, aliyepanda siku ile ile niliyopanda mimi mara ya kwanza. Yeye hakung'oa kitu, akavuna.

Bibi yule hakunicheka. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mahindi yako uliyatazama saa ngapi?"

Nikamjibu, "Saa nane mchana, bibi."

Akasema, "Basi hukuyatazama. Saa nane hata mimi nimenyauka. Ungaliyatazama kabla ya jua kutoka."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Nikaanza kuuliza na kusoma habari za mimea, na sasa nataka kuwaeleza wasomaji yale niliyoyafahamu, maana bibi yule alisema kweli, na elimu ya wataalamu yashuhudia vivyo hivyo, ijapokuwa yeye hakupata kusoma hata herufi moja.

Kwanza yafaa tujue kiasi cha maji yanayopita ndani ya mmea. Watu wengi hudhani ya kuwa mmea hunywa maji kama mtungi unavyojazwa, yaani maji yaingiayo hukaa ndani. La, sivyo. Katika kila lita 100 zinazoingia kwa mizizi, zaidi ya 95 hutoka tena kwa majani, zikawa mvuke na kupotea hewani. Mtu aliyeyapima mambo haya kwa uangalifu mkubwa zamani alikuwa kasisi mmoja wa Uingereza, jina lake Stephen Hales. Mwaka 1724 alitwaa alizeti iliyopandwa katika chungu, kimo chake futi tatu na nusu, akaufunika udongo kwa bamba la risasi ili maji yasipate njia ya kutoka ila kwa mmea wenyewe, akawa akikipima chungu kwa mizani asubuhi na jioni kwa muda wa siku kumi na tano. Akaona kwamba kwa mchana mmoja alizeti ile ilipoteza, kwa wastani, wakia 20 za maji, ndiyo kusema zaidi kidogo ya nusu lita. Alipolinganisha mmea na mtu, kwa ukubwa ulio sawa, akakuta alizeti hupitisha maji mara 17 kuliko binadamu. Habari hizo alizipiga chapa mwaka 1727.

Baadaye, karibu na mwaka 1913, wataalamu wawili wa Marekani, Briggs na Shantz, walipanda mimea ya namna nyingi katika vyombo vikubwa huko Akron katika jimbo la Colorado, wakapima ni kilo ngapi za maji zinazopita katika mmea hata upate kilo moja ya mwili mkavu. Mtama ulitumia kama kilo 320, mahindi kama 370, ngano kama 510, pamba zaidi ya 640, na majani ya ng'ombe yaitwayo alfalfa zaidi ya 800. Hesabu hizi hubadilika kwa hali ya hewa ya mahali, lakini zatufundisha jambo. Gunia moja la mahindi la kilo 100 haliji peke yake, huja pamoja na bua, majani na magunzi, ambayo uzito wake si chini ya kilo 100 nyingine. Basi kwa hesabu ya Akron, gunia hilo moja limegharimu maji yanayozidi mapipa 350 ya lita 200. Hakuna mtu awezaye kuyateka kisimani. Yote lazima yatoke katika udongo, na mmea ndio uyatafute.

Pengine msomaji atauliza, kwa nini mmea umekuwa mpotevu namna hii? Jibu ni kwamba mmea hula hewa. Katika hewa kuna sehemu ndogo sana ya hewa ya ukaa, kama sehemu nne na kidogo tu katika kila sehemu 10,000, na hiyo ndiyo inayotengenezwa sukari na unga kwa nguvu ya mwanga wa jua. Ili hewa ya ukaa ipate kuingia, jani lina vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho matupu. Katika mimea mingi kila milimita moja ya mraba ina vitundu zaidi ya 100. Sehemu nyingine yote ya jani imepakwa nta, wala maji hayapiti hapo ila kidogo mno. Lakini ndani ya jani kumelowa, na nje kumekauka. Basi kila kitundu kinapofunguka ili kupokea chakula, mvuke hukimbilia nje. Ni kama mtu afunguaye mlango wa banda ili aingize kuku mmoja, na kabla hajaufunga kuku mia wamekwisha kutoka. Kuufunga mlango daima hawezi, maana atakufa njaa. Kuuacha wazi daima hawezi, maana atakufa kiu. Habari zote za mmea katika udongo unaokauka ni habari za mlango huu.

Kila kitundu kina walinzi wawili, navyo ni viseli viwili vyenye umbo la maharagwe yanayotazamana. Wakijaa maji hupindika, kila mmoja upande wake, na nafasi ikawa wazi katikati. Wakipungukiwa na maji hulegea wakashikamana, nafasi ikafungwa. Nao hujazwa na kupunguzwa kwa njia ambayo kila mpishi aijua. Ukikata vitunguu vya kachumbari na kuvinyunyizia chumvi, baada ya kitambo kidogo utaona maji yametoka na kujaa bakulini, kwa kuwa maji huvutwa kwenda palipo na chumvi nyingi. Walinzi wa jani hufanya vivyo hivyo. Wakitaka kufungua huingiza ndani yao chumvi ya potasiamu, na maji hufuata. Wakitaka kufunga huitoa, na maji hutoka nayo.

Sasa tuangalie jinsi maji yanavyopanda toka udongoni. Pampu ya kuvuta haiwezi kuyainua maji zaidi ya mita 10 hivi, bali miti iko mirefu kuliko hapo mara nyingi, wala haina pampu yo yote. Mwaka 1894 wataalamu wawili wa Dublin, Dixon na Joly, walieleza kwamba maji yaliyo ndani ya mishipa myembamba ya mmea yameshikana kama uzi mmoja, toka jani hata mzizi. Tone likitoka juu kuwa mvuke, uzi wote huvutwa. Nguvu inayovuta ni jua na ukavu wa hewa. Mmea hautoi kazi yake ila kuutunza uzi usikatike.

Na udongo nao huvuta kwa upande wake. Baada ya mvua maji yamejaa kati ya chembe za udongo, na mzizi huyapata bila taabu. Kadiri yanavyopungua, yale yaliyobaki hushikamana na chembe kama utando mwembamba, na mzizi wapaswa kuvuta kwa nguvu zaidi na zaidi. Mimea mingi ya shambani hushindwa pale nguvu inayotakiwa ifikapo kama mara 15 ya uzito wa hewa inayotuzunguka. Hapo hunyauka wala haiamki tena pasipo mvua, ijapokuwa maji bado yamo udongoni. Mchanga huyatoa maji yake kwa urahisi, lakini huweka machache, na siku yakiisha huisha kwa ghafula. Udongo wa mfinyanzi huweka mengi, lakini hayaachilii. Tena mvua ndogo ikinyesha juu ya mfinyanzi hulowesha vidole viwili tu vya juu, na jua la siku ya pili likayachukua yote.

Wakubwa nao walipata kujifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga kwa matrekta huko Kongwa, katika nchi hii hii yenye mvua haba, na mwaka 1951 kazi ile ikaachwa baada ya kupotea mamilioni ya paundi. Sababu zilikuwa nyingi, kama mashine kuharibika na mvua kukosa, lakini moja ilikuwa udongo wenyewe, ambao ukikauka hugeuka kuwa mgumu kama saruji. Karanga hutoa ua juu, kisha kijiti chake huingia ardhini kuzaa huko chini. Kijiti hicho kitapenyaje katika saruji?

Turudi katika ule uzi wa maji. Jua likivuta kwa nguvu juu, na udongo ukishikilia kwa nguvu chini, uzi hukaza, na mwisho hukatika: hewa huingia katika mshipa na kuuziba, na mshipa ulioziba haupitishi maji tena. Mwaka 1966 Milburn na Johnson walitega chombo cha kusikilizia katika majani ya mbarika yaliyokuwa yakikauka, wakasikia mishipa ikikatika, tik, tik, mmoja mmoja. Mbarika huu huu uotao nyuma ya nyumba zetu. Basi ndiyo hatari mmea unayoikimbia. Haufungi vitundu vyake kwa sababu umekwisha kufa kiu, bali mapema, ili usikatikiwe.

Lakini mmea usio na macho wajuaje ya kuwa udongo unakauka? Hili lilinistaajabisha kuliko yote. Ziko dalili za namna mbili. Ya kwanza ni kulegea kwa jani lenyewe. Ya pili ni habari ziletwazo na kitu kiitwacho asidi ya absisiki, kilichotambuliwa katika miaka ya 1960. Mmea ukiona kiu hukitengeneza kwa wingi, katika majani na katika mizizi pia, na kikiwafikia walinzi wa vitundu huwaamuru kutoa chumvi yao na kufunga. Mwaka 1985 Blackman na Davies, huko Uingereza, walipanda mahindi, wakaigawanya mizizi ya kila mmea katika vyungu viwili, kimoja wakakinywesha, cha pili wakakiacha kikauke. Maji ya chungu kimoja yalitosha, na majani hayakulegea hata kidogo. Hata hivyo vitundu vilianza kufunga. Yaani mizizi iliyokuwa katika chungu kikavu ilipeleka habari juu kabla ya taabu kufika, kama mlinzi wa mpakani apigavyo ngoma wakati kijiji bado kimelala.

Na mambo haya huja kwa utaratibu wake. Jambo la kwanza kusimama ni kukua kwa majani, kabla hata vitundu havijafunga, wala mkulima hatambui. Mizizi yenyewe haisimami upesi hivyo. Chakula ambacho kingeenda majani huenda chini, nayo huendelea kuchimba kutafuta unyevu. Ndiyo maana kijua kidogo mwanzoni mwa majira, mradi kisizidi, si hasara tupu. Kisha mmea hupunguza uso wake mbele ya jua. Mahindi na mtama hukunja majani, kunde na maharagwe huyageuza ubavu ili mwale wa jua upite, muhogo huyalegeza kama mwavuli uliofungwa. Mimi nalipoona mahindi yamejikunja nalidhani yanakufa, kumbe yalikuwa yanajifunika.

Sasa msomaji ataona kwa nini bibi aliniuliza saa. Mchana wa jua kali, hata kama udongo una maji ya kutosha, majani yaweza kupoteza kwa upesi kuliko mizizi inavyoleta, na jani hujikunja. Usiku mlango umefungwa, hewa imepoa, na mizizi huendelea kunywa polepole, hata karibu na alfajiri kiu ya mmea imekaribia kulingana na kiu ya udongo. Basi ukitaka kujua udongo umebakiwa na nini, ulize jani kabla ya jua kutoka. Wataalamu wenyewe wapimapo kiu ya mimea kwa vyombo vyao huamka usiku kwa sababu hiyo hiyo. Jani lililokunjwa mchana na kukunjuka alfajiri lasema kwamba maji yako. Jani ambalo alfajiri halikukunjuka ndilo linaloomba.

Kila mmea una tabia yake katika mambo haya, kama watu na fedha zao. Kunde ni bahili: ikihisi ukavu kidogo tu hufunga, ikangoja. Alizeti ni mtumiaji: huacha vitundu wazi kwa muda mrefu na kuitegemea mizizi yake ishukayo kama mita mbili, na bahati ikiwa njema hupata faida, ila udongo ukiwa mfupi huishiwa mara moja. Muhogo una hila nyingine. Hufunga vitundu kwa sababu ya ukavu wa hewa peke yake, hata kabla udongo haujakauka, na kiangazi kikizidi huangusha majani yake, ukakaa kama vijiti vilivyochomekwa, na mvua ikirudi huchipua kwa akiba ya mizizi. Wala muhogo hauna siku moja ya kuzaa ambayo ikikosa maji yote yamepotea.

Mahindi ndiyo yenye siku hiyo. Mbelewele ikitoka juu, ndevu hazina budi kutoka katika gunzi kwa wakati ule ule ili zipokee unga wake. Mmea wenye kiu hutoa mbelewele kwa wakati, lakini ndevu huchelewa, na zikitoka unga umekwisha kupeperuka. Utapata gunzi lenye punje saba, kama meno ya mzee. Jua la majuma mawili likija mahindi yakiwa magotini, yaweza kupona. Likija siku za mbelewele, hasara haiponi hata mvua ikinyesha mwezi mzima baadaye. Mtama na uwele havina ugomvi huu, kwa kuwa ua la kiume na la kike vimekaa katika suke moja. Tena mtama una nta nyingi juu ya majani na bua (ukiupapasa utaona unga mweupe vidoleni), una mizizi mingi myembamba, na waweza kusimama kabisa usikue, kisha mvua ikirudi ukaendelea pale ulipoishia. Ndiyo sababu mtama na uwele ni chakula cha Ugogo tangu zamani. Mahindi na mtama vyote viwili vina ustadi mmoja uliofahamika vizuri baada ya kazi ya Hatch na Slack huko Australia mwaka 1966: hukusanya hewa ya ukaa kwa nguvu kubwa, kwa hiyo waweza kuacha mlango wazi kidogo tu na kushiba, jambo ambalo ngano na pamba haziwezi. Lakini ustadi huo hauyaokoi mahindi siku ya mbelewele.

Sitaweza kuupita mkonge. Mwaka 1893 Dr. Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, vikapita Hamburg hata vikafika pwani yetu, na vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Mashamba makubwa ya Tanga yaliyofuata yalianza na hivyo 62. Mmea unaoweza kusafiri bahari mbili bila udongo si mmea wa kawaida, nao siri yake ni kwamba hufungua vitundu vyake usiku, hewa inapokuwa baridi, ukaiweka hewa ya ukaa ndani kama asidi, kisha mchana hufunga kabisa na kuitengeneza. Mtu mmoja aitwaye Heyne, aliyekuwa India, aliandika katika barua iliyochapwa mwaka 1815 ya kuwa majani fulani manene huko yalikuwa machachu asubuhi, na jioni uchachu umekwisha. Alitumia ulimi tu, akayagusa mambo yaliyowashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miaka mia.

Na mbuyu? Watu husema mbuyu hunywa maji ya shina lake kiangazi chote. Maji yamo kweli, mengi, lakini uchunguzi uliofanywa Madagaska na kutangazwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba mbuyu hauyatumii kuyaweka majani wazi wakati wa ukame. Huangusha majani, hulala, na akiba yake huitoa hasa kwa kuchipua majani mapya kabla mvua haijaanza. Ni akiba ya kupandia, wala si ya kula.

Kwa mkulima, nadhani jambo kubwa katika yote haya ni kwamba maji ya kuokoa shamba huwekwa kabla ya jua, si wakati wa jua. Magugu yana vitundu kama mahindi, nayo hupotezea maji yale yale. Juma moja la kuchelewa kupalilia kabla mvua haijakatika laweza kuondoa siku kadhaa za uvumilivu. Mimea iliyosongamana hunywa akiba moja kwa haraka. Matuta yaliyofungwa kwa kizuizi kila hatua chache huyashika maji ya mvua kubwa yasiteremke mtoni, na nyasi kavu zilizotandazwa huzuia jua lisiguse udongo. Walakini nyasi hizo nasikia mchwa huzila upesi katika sehemu nyingine, na mifugo huzitaka pia, kwa hiyo siwezi kumlaumu asiyezitumia.

Walimu wanaotaka kuwaonyesha watoto wanaweza kufanya hivi. Chuma majani manne ya mwembe yaliyo sawa. Moja liache lilivyo. La pili lipake mafuta mazito ya mgando upande wa juu. La tatu upande wa chini. La nne pande zote mbili. Yaning'inize kwa uzi kivulini kwa siku chache. Watoto wataona kwamba lile lililopakwa juu hukauka karibu sawa na lisilopakwa, na lile lililopakwa chini hubaki bichi kama lile la nne, maana jani la mwembe vitundu vyake viko chini. Yasifanywe kwa majani ya mahindi, kwa kuwa hayo yana vitundu pande zote mbili, na somo litaharibika.

Majira yaliyofuata mvua ilikatika tena, safari hii katika Februari. Kila siku nalitoka nyumbani kungali giza, nikashika taa, nikatazama majani. Siku kumi za kwanza mchana yalijikunja kama mwaka ule, na alfajiri yote yamekunjuka, yamelowa umande. Siku ya kumi na mbili nikaona katika sehemu ya juu ya shamba, penye mchanga, majani ya chini hayakukunjuka. Nikamwita bibi aje atazame. Akazunguka, akashika udongo, akaniambia, "Hapa kata, uwape ng'ombe yangali na utamu. Kule chini usiguse." Nikakata robo ekari, mahali pake mvua iliporudi nikapanda kunde. Kule chini sikugusa, na mwezi wa Mei nalivuna magunia manne.